Sura ya Sita: Ukihama, Unahama na Nini?

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari amestaafu, anaishi Tanga, na kwa miaka sita alikuwa na desturi ya kuandika neno moja mtandaoni kila asubuhi. Neno, maana yake, na sentensi moja ya mfano, basi. Babake alikuwa nahodha wa jahazi, kwa hiyo maneno mengi yalitoka baharini: foromali, ngama, mkuku, demani. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili katika wiki moja, kwa sababu ni jina la majira na pia ni jina la kamba ya tanga, na wasomaji wake walibishana siku tatu nzima.

Usiku mmoja aliletewa ujumbe uliojifanya umetoka kwa wenye mtandao. Ulisema akaunti yake ina kasoro, abonyeze mahali fulani kuirekebisha. Akabonyeza, akaandika nenosiri. Kulipokucha akaunti ilikuwa na jina jingine na picha ya mtu mwingine, na inauza sarafu za kidijitali. Alilalamika kwa wenye mtandao, akajibiwa na mashine. Akalalamika tena, akajibiwa na mashine ile ile kwa maneno yale yale. Sitautaja mtandao huo, kwa sababu jambo hilo lingeweza kumpata popote.

Alinipigia simu baada ya sala ya adhuhuri. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Nimeibiwa daftari." Nilidhani anazungumzia daftari la karatasi. Kumbe alimaanisha yale maneno zaidi ya elfu mbili ambayo hakuwa na nakala yake popote. Baada ya kunieleza yote akauliza swali moja: "Sasa nihamie wapi?"

Watu wengi wameniuliza swali hilo tangu mwaka 2022, na kwa muda mrefu nililijibu vibaya. Nilikuwa nikilinganisha mitandao hii kama mtu anayelinganisha simu dukani: huu una herufi ngapi, ule unapokea video ya dakika ngapi, huu una tiki, ule hauna. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuanza na swali jingine. Siku nitakapotaka kuondoka, au nitakapofukuzwa, au nitakapoibiwa, nitatoka na nini mkononi? Sura hii inapima mitandao minne kwa swali hilo: X, ambayo wengi wetu bado tunaiita Twitter, pamoja na Threads, Bluesky na Mastodon.

Kwanza, tukumbuke kwamba ufupi wenyewe haukubuniwa na wanafasihi. Twitter ilizaliwa Machi 2006 ndani ya kampuni ndogo ya San Francisco iliyoitwa Odeo, mikononi mwa Jack Dorsey, Noah Glass, Biz Stone na Evan Williams, na iliundwa itumike kwa meseji za kawaida za simu. Meseji moja hubeba herufi 160. Wakatenga 20 kwa ajili ya jina la mwandishi, zikabaki 140. Kipimo kilichotokana na waya na minara kikawa mtindo wa kuandika wa dunia nzima, hadi Novemba 2017 walipokipandisha kuwa 280.

Sisi tulikuwa tumeshazoea. Mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, alifungua duka la kanga ambalo alama yake, "Mali ya Abdulla", inajulikana pwani nzima, na kanga zake nyingi zilibeba methali. Tangu hapo mwanamke wa pwani amekuwa akitoka nyumbani na ujumbe mgongoni. Haumtaji mtu, ila anayehusika anajua amesemwa. Jina la kanga husomwa na mpita njia kwa jicho moja, na akilielewa vibaya hilo ni lake. Hayo ndiyo maandishi mafupi ya hadharani, yakiwa na vijembe, mafumbo na watazamaji wake, kabla umeme haujafika mitaa yetu mingi.

Na lugha yenyewe inafaa kazi hii. Chukua methali "Asiyekuwapo na lake halipo." Hesabu pamoja na nafasi, bila nukta: herufi 26. Ndani ya zile 140 za zamani ungeweza kuiandika mara tano na nafasi ikabaki. Chukua neno moja, "nitakapokusimulia": lina herufi 17, na ndani yake yumo msemaji, wakati, msikilizaji na tendo. Kwa hiyo mtu anaposema ameuchagua mtandao fulani kwa sababu una herufi 500 badala ya 280, huwa namwomba afikirie upya. X ina 280 kwa asiyelipa, Bluesky 300, Threads 500, Mastodon 500 kwa kawaida, na mwenye seva anaweza kuongeza. Tofauti hizo ni ndogo. Mwandishi wa Kiswahili aliyeshindwa kusema jambo kwa herufi 280 mara nyingi hajalijua vizuri jambo lenyewe. Na likiwa kubwa kweli, ataandika uzi, yaani maandiko kadhaa yaliyofuatanishwa.

Kilichotuumiza zaidi ya urefu ni kutotambuliwa. Kwa miaka Twitter ilikuwa ikiona maandishi ya Kiswahili na kuyapa jina la lugha nyingine, mara nyingi Kiindonesia. Unaandika habari za msiba wa shangazi, chini yake panatokea kitufe cha kutafsiri kutoka Kiindonesia, na ukikibonyeza unapewa upuuzi. Ukitazama juu juu unaona mashine ilipoponzwa: lugha zote mbili hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, na zote zimekula chakula kimoja cha Kiarabu. Sisi tunasema dunia, wao wanasema dunia. Sisi habari, wao kabar. Sisi kamusi, wao kamus. Mwaka 2018 watumiaji wa Kiswahili walianzisha heshitegi ya kudai kwamba Kiswahili si Kiindonesia, wakaisukuma kwa wiki kadhaa, na mwaka huo huo Twitter ikaanza kuitambua lugha yetu. Hakuna wizara iliyopeleka barua. Walikuwa walimu, wafasiri, wanafunzi na watu waliochoka kuitwa wasichokuwa.

Nalikumbusha tukio hilo kwa sababu sasa lina uzito zaidi kuliko wakati ule. Leo mtandao hukuwekea mbele ya macho kile ambacho mashine imekikisia kuwa unakitaka. Andiko lililokisiwa vibaya lugha yake hupelekwa kwa watu wasiolielewa. Hawaligusi, na mashine inahitimisha kwamba halina thamani. Mwandishi anadhani hapendwi, kumbe ameonyeshwa watu wa Surabaya, huko Indonesia. Kwa hiyo ukifungua akaunti Mastodon au Bluesky, angalia chini ya kisanduku cha kuandikia: pana mahali pa kuchagua lugha ya andiko lako. Chagua Kiswahili kila mara. Ni kazi ya sekunde moja, na ndiyo njia pekee ya kuihakikishia mashine ukweli badala ya kuiachia ikisie.

Sasa X yenyewe. Faida yake kubwa ni kwamba watu wako pale, na hasa Wakenya wako pale. Jina KOT, yaani Wakenya wa Twitter, limekuwa karibu jina la taasisi. Julai 2015 shirika la CNN lilipoieleza Kenya kama kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Obama, KOT walilijibu kwa heshitegi ya #SomeoneTellCNN kwa nguvu kiasi kwamba mwezi uliofuata mkuu mmoja wa CNN, Tony Maddox, alipanda ndege hadi Nairobi kuomba radhi. Novemba mwaka huo huo zikaja picha za #WhatWouldMagufuliDo, watu wakionyesha jinsi ya kubana matumizi kama rais mpya wa Tanzania, na kwa siku chache Nairobi na Dar es Salaam zikacheka pamoja. Juni 2024 mjadala wa muswada wa fedha wa Kenya ulikesha kwenye Spaces, vile vikao vya sauti vya X, na tarehe 5 Julai Rais William Ruto mwenyewe aliingia katika kikao kama hicho kujibu maswali ya vijana. Hakuna mtandao mwingine wa maandishi mafupi ambao ungemlazimisha rais wa Afrika Mashariki kuketi na kusikiliza namna hiyo. Anayeandika siasa, habari au michezo, na wasomaji wake wako Kenya, akiniambia anaondoka X kabisa namuuliza mara mbili.

Ila nyumba imebadilisha mmiliki. Elon Musk aliinunua tarehe 27 Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44. Siku chache baadaye karibu nusu ya wafanyakazi waliondolewa, na miongoni mwao walikuwemo wale wa Accra, Ghana, ofisi pekee ya kampuni hiyo barani Afrika, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Kwangu hilo halikuwa jambo dogo. Watu walioweza kuelewa kwamba neno fulani ni tusi Mombasa na ni utani Kampala walikuwa wameanza tu kuajiriwa, wakafukuzwa kabla hawajakalia viti vizuri. Januari 2023 programu za wengine za kusomea Twitter zikafungiwa, Aprili tiki za bluu za zamani zikafutwa na kubaki za kununua, na Julai yule ndege wa nembo akaondolewa ukutani na jina likawa X.

Sasa malipo, na hapa ndipo vijana wengi wanaponiuliza kwa hamu. Katikati ya 2023 X ilianza kuwagawia waandishi sehemu ya mapato yake. Masharti yaliyotangazwa Agosti mwaka huo yalikuwa haya: uwe umelipia Premium, yaani huduma ya kulipia ya X, uwe na wafuasi wasiopungua 500, na maandiko yako yawe yameonekana mara milioni 5 ndani ya miezi 3. Tangu mwishoni mwa 2024 hesabu yenyewe inategemea jinsi watumiaji wengine waliolipia Premium wanavyojihusisha na maandiko yako. Soma sentensi hiyo tena ukiwa na wasomaji wako kichwani. Kama wafuasi wako ni wanafunzi wa Morogoro na mama lishe wa Kisumu wanaoweka bando la siku, wasiolipia Premium, kelele zao zote za upendo hazigeuki kuwa pesa. Wanaoleta pesa ni wale wa nje wanaolipa, na wengi wao husoma Kiingereza. Ndiyo maana nimeona waandishi wazuri wa Kiswahili wakianza kuandika Kiingereza cha kuchokoza watu, usiku kucha, wakitafuta hasira za wageni. Nawaelewa, kodi ya nyumba hailipwi kwa methali. Lakini nimeona pia wakipoteza wasomaji wa nyumbani waliowajenga kwa miaka, na hilo linaniuma.

Mwisho wa Machi 2023 X yenyewe ilichapisha sehemu ya msimbo wake wa kupanga maandiko, na ndani yake ilionekana kwamba aliyelipia alikuwa akiongezewa uzito: mara nne kwa wanaomfuata, mara mbili kwa wasiomfuata. Msimbo hubadilika, huenda namba hizo zimeshabadilika. Ila asiyelipa na ajue anapanda mlima wenye mwinamo tofauti na mwenzake.

Na swali letu? Ukihama X unahama na nini? Ukiomba kumbukumbu zako utapewa faili, na maandiko yako yatakuwemo. Hilo ni jema, liombe leo. Wafuasi wako watakuwemo pia, ila kama orodha ya namba. Si majina yao wala njia ya kuwafikia nje ya X: namba, moja chini ya nyingine, kama namba za waliolazwa wodini.

Na wakati mwingine huhami wewe, mlango ndio unaofungwa. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi la Tanzania ilidukuliwa na kutumika kusambaza uongo, na siku hiyo hiyo X ikaacha kufunguka nchini humo bila VPN, ile programu ya kuukwepa mtandao uliozuiwa. VPN nayo, tangu tangazo la Oktoba 2023 la TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, mtu alitakiwa aisajili kwanza. Baadaye serikali ilitoa sababu ya maudhui ya ngono. Msomaji atakuwa na maoni yake juu ya uamuzi huo. Mimi nataka tuone kilichotokea kwa lugha. Wasomaji wa Kiswahili waligawanywa na ukuta: Nairobi upande huu, Dar upande ule. Mjadala ambao ulikuwa mmoja, wenye lafudhi mbili, ukawa miwili. Mwandishi wa Kitanzania aliyekuwa na wafuasi laki moja hakunyang'anywa hata mmoja kwenye hesabu, lakini wengi wao hawakuweza tena kumsoma. Hakuna kosa alilofanya. Alikuwa tu ameweka mayai yote mahali pamoja, na mahali penyewe hapakuwa pake.

Wasomaji hao walienda wapi? Wengi walirudi walikokuwa siku zote, Instagram na WhatsApp, kwa sababu Tanzania haijawahi kuwa nchi ya Twitter kwa namna Kenya ilivyo. Kwetu wasanii wa Bongo Fleva, wauza vitambaa, wachungaji na wanasoka wote huzungumza Instagram. Ndiyo maana ninaamini Threads ina nafasi Tanzania kuliko Kenya, ingawa ni watu wachache wanaosema hivyo.

Meta, wenye Instagram, waliizindua Threads tarehe 5 Julai 2023. Siku nne tu kabla yake X ilikuwa imewawekea wasiolipa kikomo cha idadi ya maandiko ya kusoma kwa siku, kwa hiyo mlango ulifunguliwa wakati jirani amefunga wake. Unaingia kwa akaunti ya Instagram, jina lako linakuja nalo, na unaulizwa kama unataka kuwafuata wale wale. Ndani ya siku tano walijiandikisha watu milioni 100, na Agosti 2025 kampuni ilitangaza watumiaji zaidi ya milioni 400 kwa mwezi. Dada anayeuza mitandio Kariakoo, ambaye kwa miaka amekuwa akiandika maelezo marefu chini ya picha zake, anakuta hapa pa kusema bila kutafuta picha. Watu wake tayari wanamjua. Hajengi upya.

Udhaifu wake unatoka mahali pale pale penye nguvu. Miezi ya mwanzo, ukitaka kuifuta akaunti ya Threads ilibidi ufute na Instagram yako yote. Walilegeza Novemba 2023. Fikiria hilo: chumba kisichoweza kuachwa bila kuacha nyumba. Pia kwa muda mrefu wakubwa wake walisema hawataki kusukuma siasa mbele ya watu, kisha Januari 2025 wakageuza msimamo. Mwandishi wa siasa aliyefika 2024 alijikuta anaongea peke yake, na wala hakuambiwa kwa nini. Akili ya kampuni ikibadilika, hatima yako inabadilika, na wewe hukuwa kwenye kikao. Ukihama Threads, unabaki na Instagram. Hiyo ni bima kwa upande mmoja na kamba shingoni kwa upande mwingine, maana zote mbili ni za mwenye nyumba mmoja.

Kabla ya kwenda kwa zile mbili ndogo, naomba dakika moja ya Nigeria. Juni 2021 serikali ya Rais Buhari iliifungia Twitter, siku chache baada ya Twitter kufuta andiko lake. Serikali ikafungua akaunti Koo, mtandao wa India uliojengwa kwa ajili ya lugha za wenyeji, jambo ambalo mpenda lugha yeyote angelishangilia. Mimi nililishangilia. Nilidhani siku moja watafika na kwetu, wakiwa na Kiswahili, Kihausa na Kilingala kwenye orodha. Januari 2022 Nigeria ikaifungulia Twitter, watu wakarudi walikozoea, na Julai 2024 Koo ikafunga mlango kwa kukosa mwekezaji. Wote waliokuwa wamejenga huko walitoka mikono mitupu. Mtandao unaweza kuipenda lugha yako kwa dhati na bado ukafa.

Bluesky ilianza kama wazo ndani ya Twitter mwaka 2019: mtandao ambao hakuna kampuni moja inayoumiliki wote. Ulijitenga, ukaongozwa na Jay Graber, ukafungua milango kwa kila mtu Februari 2024. Dorsey, aliyelianzisha wazo hilo, aliondoka kwenye bodi Mei mwaka ule ule. Mahakama ya Brazil ilipoizuia X mwishoni mwa Agosti 2024, watu zaidi ya milioni mbili waliingia Bluesky kwa wiki moja hivi, wengi wao Wabrazil, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imevuka milioni 30.

Nataka kuonyesha jambo moja la Bluesky kwa karibu, kwa sababu ndilo lililonifanya nimpigie Mwalimu. Unapojiandikisha unapewa jina linaloishia kwa jina la kampuni. Lakini kama unamiliki anwani yako ya tovuti, ile unayoinunua kwa mwaka kama mtu anayelipia sanduku la posta, unaweza kuifanya hiyo ndiyo jina lako. Wanakupa mstari mmoja wa herufi. Unaubandika kwenye mipangilio ya anwani yako, unasubiri dakika chache, na jina linabadilika. Nyuma ya jina hilo akaunti ina namba ya kudumu, na maandiko yako yote yanaweza kushushwa kama faili moja. Mfumo umeundwa ili siku moja uihamishe akaunti kwa mtunzaji mwingine ukiwa na maandiko na wafuasi wako. Kwa sasa akaunti nyingi mno bado zinatunzwa na kampuni ile ile, na kuhamisha kunahitaji fundi. Ila mlango upo, na umechorwa kwenye ramani ya nyumba tangu msingi.

Pia mtu yeyote anaweza kutengeneza orodha ya kusoma yenye kanuni zake: maandiko ya Kiswahili tu, kwa mfano, kwa mpangilio wa saa. Na pana vifurushi vya kuanzia, orodha ya watu ambayo mgeni huwafuata wote kwa kubonyeza mara moja. Wanasayansi na waandishi wa habari wa Marekani walihama kwa makundi kwa njia hiyo Novemba 2024. Sisi hatujafanya. Kiswahili kule bado ni kichache, kijiwe cha watu wanaojuana. Wala haikulipi: haigawi mapato, haina matangazo. Ukienda kutafuta umaarufu au riziki ya haraka utarudi umenuna.

Mastodon ni mkubwa wa mawazo haya kwa umri, kazi iliyoanzishwa na Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016. Hapa hakuna mtandao mmoja, kuna seva nyingi zinazoongea kwa itifaki moja, kila moja na mwenyewe na sheria zake. Hakuna algoriti ya kukuchagulia cha kusoma, hakuna matangazo. Unasoma kwa mpangilio wa saa. Ukitaka kuhama seva unawasha akaunti mpya, unaitambulisha kwa ya zamani, unabonyeza kuhama, na wafuasi wako wanavutwa kukufuata. Maandiko yako yanabaki nyuma. Ni kinyume cha X kabisa, na huwa najiuliza kwa mwandishi kipi ni bora, kutoka na watu bila maandiko au na maandiko bila watu. Hatari yake ni kwamba seva nyingi zinaendeshwa na mtu mmoja kwa pesa zake, naye anaweza kuchoka. Naipendekeza kwa wanaprogramu, watafiti na wale wanaotaka kuongea kwa utulivu. Mfanyabiashara atapotea njia.

Kwa Mwalimu nilisema hivi. Kwanza, daftari. La karatasi au la kompyuta, lakini neno liandikwe humo kabla halijaandikwa popote. Pili, anwani yake mwenyewe, inayolipiwa na yeye kwa jina lake, ambamo maneno yote yatawekwa kwa alfabeti. Tatu, aitumie hiyo anwani kama jina lake Bluesky, na neno lile lile alibandike Threads, kwa kuwa wanafunzi wake wa zamani wengi wako Instagram. X aiache kwa anayeweza kuifungua. Wajukuu zake wa Nairobi watamsambazia. Na asiwe na haya kuwaomba wasomaji namba au barua pepe, wale wanaotaka neno la asubuhi waletewe hata mitandao yote ikizimika. Alicheka kwa hilo la mwisho. "Yaani turudi kwenye barua?" Nikamwambia ndiyo, Mwalimu, turudi.

Ilichukua miezi miwili. Mjukuu wake alinunua anwani na kubandika ule mstari. Wanafunzi wa zamani waliokuwa na picha za skrini wakazituma, zikapatikana mia tatu na kitu. Mengine anayaandika upya kwa kumbukumbu, asubuhi baada ya chai, na mengine amekubali kwamba yamekwenda.

Neno la kwanza alilotuma kwa jina lake jipya lilikuwa "matlai": upepo wa asubuhi utokao mashariki. Saa moja baadaye akajibiwa na bibi mmoja wa Muscat, mzaliwa wa Unguja. Alieleza kwamba kwao Kiarabu matla' ni mahali jua linapochomozea, na akauliza kama Tanga bado watu wanalitumia, maana marehemu babake alikuwa akilisema kila alfajiri na hakuwa amelisikia tena kwa mtu tangu alipozikwa.